Vitunguu vya Mpishi wa Manowari

Baba Pacha,

Hatujambo. Lile bomba la jikoni ulilosema lisiguswe mpaka urudi wewe mwanamume, nimelikaza mwenyewe kwa dakika kumi.

Ile orodha ya zamu uliyoibandika mlangoni, nani afagie saa ngapi kana kwamba tunaishi manowarini, nimeibandua. Siku hizi tunafagia pakichafuka. Na wanao hawapangi tena mstari asubuhi kukaguliwa kucha.

Ujumbe wako nimeupata. Mko mbali baharini, mawimbi makali, kurudi ni mwezi ujao. Pole sana, mheshimiwa.

Jana sokoni nilimkuta mpishi wa meli yenu akichagua vitunguu. Nikamuuliza amerudi lini.

"Wiki ya tatu hii, shemeji. Tulishuka wote," akasema, kisha akashtuka, akaanza kuvigeuzageuza vile vitunguu kama anatafuta chenye macho.

Sikumlilia. Kwa lipi? Mtu anayekagua uvungu wa kitanda kwa kidole, halafu anasahau kumfunga mpishi mdomo.

Barua hii nitampa yeye akuletee. Sikuandika anwani, na najua yeye hataniuliza.

Mimi,
mama wa wanao