Mkaa wa Kwenye Pipa

Evaresta uko wapi?? Nimeaibika leo, sijui hata nijifiche wapi.

Wale maofisa wa mazingira wametoka Rubwera kuja kuona pipa langu la kuchujia maji ya rangi za vikapu. Si unajua walishasema maji mekundu yakiendelea kushuka mtoni wanakokunywa ng'ombe, wananisimamisha kazi?

Nikamimina ndoo ya maji ya rangi mbele yao. Nikajitapa, subirini muone, mkaa unanasa rangi yote.

Yakatoka mekundu. MEKUNDU Eva! Vilevile nilivyoyamimina!

Nikafukua mchanga wa juu. Mkaa hakuna! Chini kokoto tupu.

Mama mkwe akachungulia kutoka jikoni, "Nimeuchukua mimi, mwanangu, mchanga nikaurudishia. Wa kupikia ulikuwa umeisha. Wageni wangeondokaje bila kula?"

Mama wa watu kawapikia ndizi na maharage, kapiga na magoti kuwanawisha mikono.

Wamekula, wameshiba, wameshukuru. Halafu mkubwa wao akaniambia nisitie rangi tena kuanzia leo.

Nimekaa tu hapa uani. Mama ananiita nikale. Anasema mkaa wangu hauna moshi kabisa, nikitengeneza mwingine nisimsahau.