Lebo Zinasubiri Neno Lako, Baba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na Mama, bado mnagombana kwa sababu hutaki kupumzika mchana? Mimi huku Guangzhou ni mzima, nimekonda kidogo tu kwa kukimbizana na masoko. Barua hii naipiga picha na kuituma kwa simu ya kaka Joeli akusomee leo leo. Baba, usiende kwanza kwa wakili kulifuta jina letu la Walker!

Jana nilikuwa Kangle, kwenye karakana inayonishonea mashati. Safari hii sikununua ya tayari kule soko la Shahe. Haya ni ya mtindo wangu mwenyewe! Zimebaki lebo tu. Mwenye karakana, mama tunayemwita Laoban, yaani bosi, ana desturi yake: shati halitoki kwake bila jina la ukoo la mtu atakayelaumiwa mshono ukifumuka. Jina la kubuni hataki kulisikia. Nikamwandikia Walker. Akauliza maana yake.

Nikaona haya. Nikasema ni mtembeaji, huku nikikumbuka wanavyokutania hapo Korogwe, "ukoo wa wazururaji," na jinsi Babu alivyobandikwa jina hilo na mzungu wa shamba la mkonge aliyeshindwa kutamka la kwake.

Rukia, Mkenya anayesoma historia chuo kikuu hapa, ndiye mkalimani wangu. Akadakia: "Manze, nani alikudanganya? Hao Walker wa kwanza kule Uingereza walikuwa watu wa nguo! Walikuwa wanakanyaga kitambaa cha sufu ndani ya maji mpaka kishikane."

Alipomtafsiria Laoban, mama wa watu akavua viatu, akaanza kukanyagakanyaga sakafu kwa mbwembwe. Karakana nzima ikaangua kicheko. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, Baba!

Lakini sijidanganyi. Babu hakukanyaga sufu, alikata mkonge. Laoban aliponiuliza, "Mshono ukifumuka, nani atajibu?" nilijibu, "Mimi," na hilo sikuazima kwa mzungu.

Basi amekubali kusubiri hadi kesho jioni. Jina ni lako. Ukisema Walker libaki, nitalishona kwa raha. Ukisema turudishe la Babu, nitalishona kwa raha zaidi, ila hujawahi kututajia.

Nisalimie Mama, Joeli bwana harusi wetu, na shangazi anayeniombea kila Jumapili.

Nipigie, Baba. Babu aliitwa nani?

Binti yako,
Neema