Elfu Kumi na Saba Niliyoisikia Mimi

Jumatatu, 10 Februari 2025
Daftari langu, hujambo? Mvua ya jana haikukulowesha? Mimi mzima, namshukuru Mungu. Leo darasani kwetu watu wazima, mwalimu Yotham kaingiza namba tasa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Neno lenyewe sasa! Wifi Joséline, dada yake Egide wangu, tunakaa dawati moja — kanigonga kiwiko: wifi, ndugu zako hao. Kicheko darasa zima. Miaka ishirini na mbili ya ndoa bila mtoto, nimezoea. Nikamjibu Elizabeti wa kwenye Biblia naye walimwita hivyohivyo, mwisho akamzaa Yohana. Wakacheka zaidi — safari hii upande wangu.

Jumatano, 12 Februari
Naanza kuzipenda. Ugawanye kwa namba yoyote, kitu kinabaki! Egide kauliza nachekea nini. Namba, nikamwambia. Katikisa kichwa, kaenda kwenye tumbaku yake.

Alhamisi, 13 Februari
Jaribio. Maswali kumi, ukipata saba, mwalimu anakusainia fomu ya mtihani wa taifa. Karatasi ya maswali hakuna, anasoma kwa mdomo. La mwisho: elfu kumi na saba, ni tasa au siyo? Onyesha njia.
Nikawaza. 17,000 inaishia na sifuri, hata kuku anajua siyo. Mwalimu mzima aulize hivyo? Basi ni elfu kumi, na saba. 10,007. Nikagawanya kwa tasa zote, toka mbili mpaka tisini na saba — ziko ishirini na tano. Inayofuata, mia moja na moja, ukiizidisha kwa yenyewe imeshapita, hakuna haja. Kila moja na Salamu Maria yake. Saba, ikabaki nne. Kumi na tatu, ikabaki kumi. Tisini na saba, ikabaki kumi na sita. Hakuna iliyoingia! Kurasa mbili. Nikaandika: NI TASA.

Ijumaa, 14 Februari
Sita kwa kumi. La mwisho kosa, wino mwekundu. Mwalimu: mama, ni kumi na saba elfu! Nikasema hukutamka hivyo, ulitamka elfu kumi na saba. Joséline: wifi, tukikutuma tofali elfu kumi na saba za kanisa, utaleta kumi elfu na saba? Nilicheka hata mimi. Lakini mwalimu alizitazama zile kurasa mbili muda mrefu. Kaondoka nazo.

Jumamosi, 15 Februari
Fomu zinafungwa Jumanne. Asubuhi Joséline kaja mwenyewe. Wifi, namba yako nimeijaribu kwa ishirini na tatu, imebaki mbili. Andika barua, naenda Mpanda mjini, nitamfikishia mwalimu. Mana yanje, Mungu wangu! Kaondoka nayo sasa hivi kwa bodaboda. Nimeinakili hapa:

"Mwalimu Yotham, Tumsifu Yesu Kristo. U mzima? Siombi huruma, wala sisemi ulikosea. Maneno yako yalibeba namba mbili, mimi nikachukua ile ngumu. Gawanya 10,007 mwenyewe, hata kwa simu. Ukipata inayoingia, nitakaa mwaka mwingine bila neno. Ukikosa, nipe alama yangu ya saba, unisainie fomu. Naomba unijibu kabla ya Jumanne."