Kasyunga ya Mama

Tanga

Mdogo wangu Subilaga,

Ugonile? Baba ameamkaje, na goti lake je? Sisi huku tunapumua, ila moyo wangu haupo hapa. Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelainika kwa machozi.

Usijilaumu kwamba habari ilichelewa. Simu ya maandishi ilinifikia Mama ameshazikwa. Siku hizi mabasi ya watu binafsi yanagombea abiria, madukani hukosi sabuni wala sukari, lakini yote hayo hayakunisaidia kumtupia Mama hata konzi moja ya udongo. Shemeji yako, ambaye tangu apunguzwe kiwandani hasemi sana, alinishika mkono tukalia wote.

Halafu la kaburi. Kwamba wamemchimbia nyuma ya jiko, kwenye migomba, palepale penye kasyunga yake. Niliwakasirikia kaka zetu, nikawakasirikia sana. Lakini wanaume wa kwetu hawaendi nyuma ya jiko. Waliona majani tu, wakang'oa na mizizi. Nawe ulikuwa ndani umeshikiliwa na waombolezaji. Maji yakimwagika hayazoleki.

Linaloniumiza zaidi ni Baba. Unasema anasukuma sahani, eti ndizi hazina kitu. Bila majani ya kasyunga ya kuzinukisha, hazina kitu kweli! Kwetu binti hufundishwa kasyunga siku anapoaga kwenda kwa mumewe, nawe bado hujaolewa. Basi leo nakufundisha kabla ya wakati wako. Mama anisamehe.

Menya ndizi mbichi, pika na maharage mabichi na kitunguu mpaka mchuzi uwe mzito. Kasyunga usiiguse kwa kisu, itakuwa kali. Ichane kwa vidole. Epua sufuria kwanza, ndipo uitie, ufunike kwa jani la mgomba, na usichungulie hata ukiitwa. Mimi mara ya kwanza niliitia ndizi zikichemka. Mama akanichapa kofi la mgongo: "Gwe mwana! Moto umeshakula, sisi tutakula nini?" Kofi lile nalitamani leo.

Utauliza kasyunga yenyewe utaitoa wapi. Lile shina alilonipa nilipoolewa bado lipo. Nimelikuza kwenye kopo la maziwa. Joto la huku limelinenepesha majani, harufu ikapotea, na miaka yote nimekuwa nikipika majani matupu na kujidanganya kwamba nasikia jiko la Mama. Nimelifunga kwenye gunia bichi. Jirani yangu, Mama Neema, anakuja huko kufuata maharage ya biashara, maana siku hizi kila mtu mfanyabiashara. Atafikia kwa dada yake pale mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu mjini. Shuka toka Lufingo ukalipokee mwenyewe, usimtume mwanamume.

Sikubakiza hata kipande. Lipande ubavuni mwa kaburi, upande wa jikoni. Huenda baridi ya kwetu na ukungu vikalikumbusha.

Msalimie Baba, umwambie nalia naye. Msalimie mama mdogo aliyekushika siku ya mazishi. Na kaka zetu pia, wasalimie, hawakujua.

Majani yakitoka, mpikie Baba. Yakinukia, niandikie upesi. Yasiponukia, niandikie mambo mengine.

Ni mimi dada yako,
Atupele