Mjomba Anataka Kutia Dawa ya Kupe Kwenye Matumbawe

Shangazi Janefer,

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata dada yangu tunayelala kitanda kimoja: namdharau mjomba wetu. Nakuomba unisaidie kwa sababu kwetu ndugu wa mama hapingwi, laana yake inaogopwa kuliko ya baba, na sisi tunaishi kwake hapa Kapsoit nikisoma Kidato cha Tatu, na huyu Mjomba Noah alikuwa akisafisha matangi ya samaki katika hoteli moja Mombasa, akastaafu na tangi moja la kioo lenye matumbawe hai, ambayo ni wanyama wadogo ingawa yeye huwaambia wageni kwamba ni maua, na maji ya chumvi analetewa kwa mitungi na dereva wa lori, na kila Jumapili baada ya kanisa watu wanakuja kutazama. Sasa matumbawe yanakufa, yanageuka meupe kuanzia chini. Mjomba alimwona mnyoo mwenye miguu mingi kama tandu akiingia tunduni, akasema huyo ndiye mwizi, na mwezi ujao akinunua dawa ya kupe, ile ya kuogeshea ng'ombe, atatia humo "kidogo tu". Lakini mimi nimesoma kwenye kitabu cha maktaba kwamba mnyoo wa aina hiyo hula mabaki, na nimeona mwenyewe kwamba weupe unaanzia pale pale wanapojikusanya konokono wadogo, ambao jirani yetu Mama Elmina huwasifu kwamba ni wazuri kama shanga. Niliposema, "Mjomba, labda ni konokono," alinijibu mbele ya wageni, "Wewe Winny, bahari umeionea wapi? Kwenye kikombe cha chai?" Wakacheka mpaka mchungaji akaweka sahani chini. Dawa hiyo itaua kila kilichomo. Nifanye nini?

Winny, Kapsoit

Winny,

Pole kwa kuchekwa. Pole yangu inaishia hapo.

Mjomba wako anataka kuogesha bahari kama ndama, huo ni upumbavu mtupu. Lakini wewe je? Unamdharau mtu na papo hapo unatetemeka mbele yake. Umesoma kitabu kimoja, tayari umekuwa hakimu. Umemwona konokono akila? Hujamwona. Umemkuta karibu na maiti, basi. Mjomba naye alimkuta mnyoo karibu na maiti. Mna tofauti gani, ila yeye ana sauti kubwa?

Omba ruhusa. Chukua chupa mbili za mdomo mpana, jaza maji ya tangi hilo hilo, kila moja utie kipande kizima cha tumbawe. Moja weka konokono, nyingine mnyoo. Mnyoo mtoe kwa kijiko, usimshike, ana miiba. Asubuhi mwite mjomba akiwa peke yake. Usimfundishe. Muulize, "Hii ni nini?" kisha ufunge mdomo. Laana haimpati mtoto anayeuliza. Na ukikuta wewe ndiye uliyekosea, umwambie hivyo hivyo.

Winny ameniandikia tena:

Shangazi, nilimwomba mjomba chupa. "Unapika jemu?" akaniuliza, lakini alinipa. Asubuhi tumbawe la konokono lilikuwa limebaki mfupa mweupe upande mmoja, konokono wenyewe bado wamelikumbatia. La mnyoo lilikuwa zima. Nilimwita akitoka kukamua, nikamuuliza. Aliweka ndoo chini, akaziinua chupa moja moja kwenye mwanga. "Na vile Elmina anawasifu," akasema. Dawa aliyonunua akaipeleka zizini.

Jumapili aliwaambia wageni kwamba mtu aliyeishi na bahari miaka mingi kama yeye hadanganyiki, aliwashuku konokono tangu mwanzo. Wageni wakamsifu sana. Mimi nilikunja mkono wa sweta, nikaingiza mkono majini, nikaanza kuwatoa mmoja mmoja.