Mlango Nilioufunga

Bwera

Kwako Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Je, goti bado linakusumbua ukipanda zizini? Na Mama, kikohozi kimemwachia? Mimi ni mzima wa mwili.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema niache ukarani nirudi tuchunge mbuzi pamoja, kwa kuwa binadamu hafai, nawe umemwona tangu ulipovaa buti za jeshi mpaka ulipozivua. Mwezi uliopita ningefunga sanduku siku hiyohiyo. Hapa dirishani, ninapogonga mihuri kwenye karatasi za wafanyabiashara wa mpakani, nimewaona wakidanganya, wakisukumana, wakimcheka aliyeanguka. Nikawa najisemea: Baba anajua.

Halafu Alhamisi tairi la lori la saruji likapasuka. Wote tulidhani ni risasi. Watu wa foleni wakaukimbilia mlango wangu, nami nikaufunga kwa ufunguo, nikajikunyata chini ya meza. Mama Kavira, muuza maharagwe kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, alikuwa akigonga: "Karani, fungua! Weye hauko mutu?"

Nilimsikia vizuri, Baba. Sikufungua.

Hapa watu hushika foleni kwa mawe: unaweka jiwe lako, unakwenda kukaa kivulini. Kesho yake nilikuta mawe yangali kwenye mstari, na kila mmoja akaenda kusimama penye lake. Hakuna aliyesogeza la mwenzake. La Mama Kavira lilikuwa la tatu. Alifika dirishani kiwiko kimefungwa kitambaa.

"Karani, mbona unaangalia chini? Uliogopa tu. Hata miye nilikanyaga mukono ya mutu, sijue ya nani. Gonga muhuri. Na siku ingine ukifunga, unifungie ndani!"

Foleni nzima ikacheka. Nikacheka nami, nikagonga muhuri.

Kwa hiyo siji, Baba. Sisemi umekosea juu ya watu. Nilidhani tu kwamba mimi na wewe tumekaa pembeni tunawatazama, kumbe ule mlango niliufunga mimi. Nikija huko nitakuja na mtu huyohuyo aliyeufunga, na mbuzi hawawezi kumwambia maneno ya Mama Kavira.

Nisalimie Mama, dada yangu mshonaji, na mjomba ambaye bado yuko kambini jeshini. Ukinijibu, usinieleze tena habari za watu. Nieleze habari za mlango ulioufunga wewe, kama upo. Sitakuchukia.

Mwanao mwoga,
Okot