Pengo la Tarumbeta

Jumamosi, 30 Agosti

Sijalala vizuri na sijali. Jana nimewasikia!

Baba Watoto ndiye aliyenikokota. Eti tangu tuhamie mji huu hatujatoka hata siku moja, na kuna muziki wa laivu kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, ukumbi ule nyuma ya stesheni ya zamani. Nikaenda na viatu vya kazini, shingo upande. Taa zikawaka jukwaani — nani wale! Profesa, kiongozi wetu, na gitaa lake, tumbo limemtangulia. Kishindo kwenye ngoma, kichwa hakina unywele hata mmoja. Bendi yetu ya chuo! Nilidhani walishatawanyika zamani.

Kisha wakapiga wimbo wa mabomba. Tuliutunga sisi wenyewe muhula ule bwenini hakukuwa na tone la maji, tunapanga foleni na ndoo saa kumi alfajiri, tunacheka kama wendawazimu. Baada ya ubeti wa pili inaingia tarumbeta. Yangu. Nikajikuta nimekunja vidole tayari. Wakafika pale — magitaa yakanyamaza. Ikabaki ngoma peke yake, na ukumbi mzima ukapiga makofi, kwa mapigo yaleyale, mpaka nafasi ikaisha. Msichana wa kiti cha pembeni akaniambia, dada piga makofi, hapa ndipo penyewe. Nusura nimwambie, mdogo wangu, hapa ndipo pangu.

Hawakupaziba! Nililia pale pale, makamasi na yote. Baba Watoto akanipa leso. Kwenye gari akauliza nimefurahi au nimekasirika. Nikamwambia vyote viwili, endesha.

Jumapili, 31 Agosti

Nimeishusha tarumbeta juu ya kabati. Vali mbili zimekwama, nimezitia mafuta ya cherehani. Sauti ya kwanza — mbuzi! Mama mkwe akatoka chumbani kwake kuuliza nani kakanyagwa. Binti yangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Acheke tu. Midomo imevimba utadhani nimeng'atwa na nyuki.

Tangazo mlangoni mwa ukumbi linasema tarehe 26 Septemba ni onyesho la mwisho. Bendi inapumzika kabisa, ukumbi unageuzwa duka la samani. Basi ni siku hiyo au basi tena. Nimeamua: tarehe 26 nitapuliza pengo langu.

Jumatano, 3 Septemba

Nimepata namba ya Profesa kwa bawabu wa ukumbi. Alipopokea akapiga kelele — Nukta! Jina hilo sijaitwa tangu chuo. Akaanza kukumbusha jinsi alivyokuwa akitukana kila onyesho, maana wao wote warefu kama nguzo za umeme na ilibidi anishushie maikrofoni mimi tu, mfupi. Tulicheka hadi mbavu zikauma. Ndipo nikamwomba.

Akasema hapana, taratibu, kama anamnyima mtoto. Kwamba nilipopata kazi nikasema ninakwenda mwezi mmoja tu, waliliacha pengo langu wazi wakinisubiri. Baadaye wakamtia mpiga saksafoni, watu wakamzomea, kwa sababu walishazoea kupiga makofi. Sasa wanakuja kwa ajili ya makofi hayo. Hawezi kuwanyang'anya siku ya mwisho. Njoo, akasema, nitakuwekea kiti cha mbele, mgeni rasmi.

Nikamwambia nitakuja na tarumbeta. Akasema bado una kichwa kigumu. Nikasema bado.

Nimekata simu, nimefua mashuka yote ya nyumba hii. Ameniuma. Mgeni rasmi! Mimi!

Jumatatu, 8 Septemba

Nyumbani hapafai, majirani wana mtoto mchanga. Kwa hiyo kazini, mamlaka ya maji, saa ya chakula ninaacha chupa zangu za sampuli maabara, ninashuka chumba cha pampu. Kule mashine zinanguruma, hata ukipiga bomu hakuna wa kukusikia. Hivyo nilidhani! Leo fundi wa pampu kaja mbio na spana mkononi. Akiwa ofisini kwake alisikia mlio, akajua beringi ya pampu imekufa. Nikasimama mbele yake na tarumbeta, koti jeupe, mashavu mekundu. Akasema samahani madam, endelea, na akaenda kukagua beringi hata hivyo.

Pumzi bado fupi. Noti ya juu inakatika. Kesho tena.

Jumapili, 14 Septemba

Fundi wa pampu siku hizi anakuja na chakula chake, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anasikiliza. Ijumaa alisema leo haijalia kama beringi. Hajui alivyonifurahisha.

Mama mkwe naye kanishika leo baada ya chai. Mwanangu, wewe afisa mzima wa maji, mama wa watu, usimame mbele za wanaume kutunisha mashavu? Nikamwambia Mama, kwa heshima zote, nitatunisha. Nilijiandaa kwa hotuba. Akasema basi upake mafuta midomoni, utapasuka.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimepata!! Ninaosha vyombo, binti yuko mezani anaimba wimbo wa mabomba (kaushika kwa kunisikia tu), akafika kwenye pengo akapiga makofi kama walivyofanya ukumbini. Nikaichukua tarumbeta na mikono ina povu. Nikaingia katikati ya makofi yake. Si juu yake. Pa — noti — pa — noti. Yeye anapiga, mimi ninajibu. Tukatazamana.

Kosa langu lote lilikuwa hapo: nilikuwa ninafanya mazoezi ya kuwanyamazisha watu. Kwa nini wanyamaze? Wamelishikilia pengo langu miaka yote hiyo bila kunijua.

Tukamwita Baba Watoto apige makofi naye. Jamani yule bwana! Anapiga pasipo mapigo, toka chuo, alikuwa anasimama mstari wa mbele anatuvuruga na mimi nikampenda hivyo hivyo. Tumemtoa jikoni. Binti amenirekodi kwa simu, mimi na makofi yake. Nimemtumia Profesa, bila neno.

Jumatatu, 22 Septemba

Ameisikiliza. Simu inaonyesha. Hajajibu.

Jumatano, 24 Septemba

Kishindo ndiye aliyepiga simu, kwa siri, ananong'ona utadhani kaiba kuku. Kasema Profesa anaisikiliza ile rekodi garini, anairudia, halafu ukimuuliza anakuwa mkali. Nikamuuliza nifanye nini. Kasema Nukta mimi ninapiga ngoma tu.

Ninaogopa. Niseme ukweli hapa maana hapasomwi na mtu. Ninaogopa kuzomewa mbele ya mwanangu. Lakini ninaogopa zaidi kukaa kiti cha mbele, mikono mapajani, pengo lipite kwa mara ya mwisho niko pale pale. Hilo siliwezi. Ninakwenda.

Ijumaa, 26 Septemba

Ninaandika nyuma ya jukwaa, nimekalia kreti la soda. Ni mapumziko. Ukumbi umefurika, watu wamesimama hadi mlangoni. Familia iko mstari wa pili: Mama mkwe kavaa vizuri kuliko sisi wote, na binti kamkalisha baba yake juu ya mikono yake mwenyewe, asije akapiga makofi.

Sehemu ya kwanza wamepiga zile za zamani zote. Ule wa mitihani, ule wa mpishi wa kantini. Kila mmoja ninajua tuliuimbia wapi, nani alikuwa anampenda nani. Wimbo wa mabomba bado. Kiti changu cha mbele kina karatasi: MGENI RASMI. Sijakikalia.

Nilikutana na Profesa koridoni. Akaitazama tarumbeta, akanitazama mimi. Akasema umezeeka. Nikasema na wewe. Akasema koo limemkauka, akaenda kutafuta maji. Ndiyo hayo tu! Karibu wiki nne za mdomo kuvimba, nimeambulia hayo.

Kishindo kapita sasa hivi na taulo shingoni, kasema baada ya mapumziko mabomba ndiyo ya kwanza. Nimeuliza, Profesa kasemaje? Kainua mabega.

Wanarudi jukwaani. Ninawaona kupitia upenyo wa pazia. Kishindo anakaa. Mpiga besi, mrefu. Profesa, mrefu. Anavuka jukwaa lote hadi upande wa kushoto, ambako hakuna mtu. Kuna maikrofoni pale, haikuwepo mwanzo. Anainama, anashika mgongo. Anafungua skrubu. Midomo yake inakwenda — anatukana!

Anaishusha. Bado anaishusha.